Ruti kanali Malindi: uzoefu wangu, jino moja safari nne

Haya jamani, watu wananiuliza sana inboksi kuhusu hii ruti kanali (kusafishwa na kuzibwa ndani ya mzizi wa jino) niliyofanyiwa Malindi nikaona bora niandike mara moja yaishe. Mie natoka Lamu, nashona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono, na kama washona basi wajua ule mchezo wa kukata uzi kwa meno, mkasi uko pale pembeni lakini nani anaukumbuka.

Jino lenyewe ni gego la chini kulia. Lilianza na baridi, nikinywa juisi ya ukwaju lashtuka, nikadharau. Halafu ule mshtuko ukawa hauondoki, yaani juisi nshaimeza zamani na jino bado lapiga robo saa nzima. Ikaja zamu ya chai ya moto. Mwisho ikawa usiku, hakuna baridi hakuna moto, nimelala zangu mara sikio, mara taya, mara kichwa upande mmoja, hata sijui ni jino gani haswa. Mamangu akaniwekea karafuu na si uongo karafuu yatuliza, ufizi wafa ganzi kweli, lakini alfajiri maumivu yako pale pale. Jirani akaniambia niweke aspirini kwenye ufizi, MSIJARIBU wallahi, ilinichoma nyama ikawa nyeupe ikachunika, nikawa na maumivu mawili badala ya moja. Antibaiotiki nayo nilijinunulia mwenyewe, pesa nimeitupa baharini. Baadaye daktari akanieleza kwamba mshipa ukishavimba ndani ya jino antibaiotiki haiutibu, hizo zinaandikwa uvimbe ukienea au mtu akipata homa.

Sasa hapa ndio niliponoa. Ramadhani ilikuwa yaingia nikasema nifunge kwanza, na katikati ya mfungo maumivu yakakatika ghafla. Siku kumi na kitu raha mstarehe, natafuna sambusa upande wowote, nimemwambia kila mtu dua yangu imepokewa. Kumbe mshipa umekufa! Ukifa hausikii kitu, ila vile vijidudu viko mule mule vinateremka mpaka nchani mwa mzizi, na Idi pili nikaamka shavu kama nimeficha andazi.

Nilikokwenda mwanzo hapa nyumbani waliniambia ling'olewe tu, rahisi na haraka. Nikakataa manake dadangu aling'oa gego miaka ile, leo jino la jirani limelalia pengo na la juu lashuka, hatafuni vizuri upande ule. Nikachukua boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, kila tuta la barabarani nalihesabu kwa taya.

Kliniki ni ya kawaida tu, iko ghorofani, kusubiri ni kwingi (nimeandikiwa saa nne nimeingia saa saba kasoro). Wakapiga picha ya eksirei, kuna kivuli cheusi chini ya mzizi, ndipo mfupa ulipoliwa na huo usaha. Sindano ya ganzi ya kwanza haikushika vizuri, akasema mahali penye usaha na uvimbe ganzi hushika kwa taabu, akaongeza, akangoja, akagonga jino, ndio akaanza. Kwa hivyo ukisikia maumivu inua mkono mwambie, usijikaze kisabuni.

Akavalisha jino kipande cha mpira, limechomoza peke yake kama kichwa kwenye buibui. Nilidhani ni mbwembwe, kumbe ndio unazuia mate yasiingie na vile vijisindano visikuteleze kooni. Akatoboa juu, akaingiza hivyo vijisindano kimoja baada ya kimoja, vyembamba kisha vinene kidogo kidogo, anakwangua ule uozo. Gego langu lina mizizi miwili lakini njia tatu, na kila njia lazima ifikiwe mpaka mwisho, kuna kimashine kinalia titi titi ncha ikikaribia. Wallahi nilimuonea huruma, mie najua kazi ya sindano kwenye kitundu kidogo, na yeye afanya ndani ya mdomo wa mtu! Harufu ni ya Jik kabisa. Nikamuuliza akasema ni dawa ya jamii hiyo hiyo, inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa. Maumivu? Nilisinzia. Kilichouma ni taya kwa kuachama saa nzima na zaidi.

Akaweka dawa ndani, akaziba kwa muda, nikarudi baada ya wiki mbili kujaziwa. Wanajaza kitu cha waridi kama mpira, chatokana na utomvu wa miti, kinaitwa gutapacha. Siku tatu hivi nikiuma chakula lilikuwa laumwa, nikanywa ibuprofeni nilizoandikiwa, likatulia.

Lalamiko langu kubwa ni hili. Waliniambia ruti kanali ya gego 18,000, sawa, nikajipanga. Hakuna aliyetaja krauni mpaka siku ya mwisho naondoka, eti kofia ya jino 25,000, kando. Kofia! Mie nakaa miezi nikishona moja na sijawahi kuiuza hata robo ya hiyo. Nikaona ni njia ya kunila, nikarudi zangu Lamu. Miezi miwili baadaye niko kwenye arusi natafuna kashata ya njugu, KWA! kipande kimetoka. Nilipofika kliniki akaniambia nina bahati limevunjikia juu ya ufizi, lingepasuka mpaka mzizini lisingekuwa na dawa ila kung'oa, na zile 18,000 zimekwenda. Jino lililochimbwa ndani limebaki gamba, na gego ndilo linalobeba kazi yote ya kutafuna. La mbele mara nyingine laweza kuzibwa tu, inategemea limeoza kiasi gani. Basi safari ya tatu ya kuchongwa na kuchukuliwa kipimo, ya nne ya kuvishwa, na nauli ya boti na basi mara nne ijumlisheni wenyewe. Ulizeni bei ya krauni siku ile ile ya kwanza, kabla hata hamjakaa kitini.

Binamu yangu naye alinitumia ile sauti ya WhatsApp kwamba ruti kanali yaleta kansa. Nikamwekea daktari aisikie, akacheka, akasema hiyo ni hadithi ya zamani haina ushahidi.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa ile krauni ya kushtukiza na zile saa za kukaa benchini. Mikono ya daktari sina neno nayo, mwaka sasa unakwenda na picha ya mwisho kile kivuli kimeshapungua sana.

Uzi siku hizi nakata kwa mkasi, nimeufunga kamba nimeuvaa shingoni. Mamangu ana miaka sabini na kitu, bado akata kwa meno, yote yapo, na ananicheka.