Barafu ya galaksi jirani: darubini ya mlimani au ya angani?

Usiku wa Januari, mwendo wa saa nne, ukitoka Nairobi kuelekea Kajiado hadi taa za mji ziishe, utaliona Wingu Kubwa la Magellan kusini, chini karibu na upeo. Ni galaksi jirani, umbali wa takriban miaka ya nuru 160,000. Humo barafu huganda juu ya vumbi linalozunguka nyota changa, na kila aina ya barafu hufyonza sehemu yake ya miale ya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni.

Darubini ya mlimani ya VLT (Very Large Telescope), Chile, ina vioo vya mita 8.2, na kifaa kikiharibika fundi hupanda mlimani akakitengeneza. Barafu ya maji huigundua kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikroni 3 (mikroni ni sehemu ya milioni ya mita). Barafu ya kabonidioksidi je? Gesi hiyohiyo iliyo katika hewa yetu huziba njia kwenye mikroni 4.27.

Darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo cha mita 6.5 tu, lakini iko nje ya hewa, tena ni baridi mno, hivyo joto lake lenyewe haliifuniki miale hiyo. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba imeona ethanoli, ile alkoholi ya pombe, na asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, zikiwa zimeganda kando ya nyota changa ya galaksi hiyo!

Mimi nachagua Webb. Vipimo vyake vingi hupakuliwa bure hata hapa Ngara, Nairobi, na mchoro wa mwanga wa nyota hiyo unapofika mikroni 15.2, kwenye barafu ya kabonidioksidi, huporomoka kama barabara ya Mai Mahiu inavyoteremka Bonde la Ufa.