Hanna HI772: kipimo cha alkali kwa mwenye tumbawe linalodhoofika

Kifaa ninachokitathmini hapa hutengenezwa na kampuni ya Hanna Instruments. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, kinatumia betri moja ya AAA, na kina kazi moja tu, nayo ni kupima alkali katika maji ya bahari, yaani wingi wa bikaboneti na kaboneti ambazo tumbawe huzitegemea kujenga kiunzi chake cha chokaa. Wengi tunaofuga matumbawe nyumbani hukinunua pale tumbawe linapokwisha kuonyesha dalili mbaya, tukitumaini kwamba namba moja itatueleza kilichotokea. Namba moja haielezi mengi. Kwa maoni yangu, fedha za kifaa hiki hurudi kwa yule anayepima kila siku au kila baada ya siku mbili na kuandika matokeo daftarini, hata wakati ambapo tangi linaonekana salama.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Kichupa cha kioo hujazwa mililita 10 za maji ya tangi, huwekwa ndani ya kifaa, na kitufe hubonyezwa ili kifaa kipate sifuri yake. Kisha mililita 1 ya kitendanishi (kimiminika cha kupimia) huongezwa kwa bomba la sindano, kichupa hupinduliwa taratibu mara chache, hurudishwa mahali pake, na kitufe hubonyezwa tena. Kitendanishi huyapa maji rangi iliyo kati ya manjano na buluu yenye ukijani, kutegemea alkali iliyomo, na kifaa huisoma rangi hiyo kwa mwanga wake chenyewe na kutoa jibu kwa kizio cha dKH (digrii za ugumu wa kaboneti), kuanzia 0 hadi 20, kwa desimali moja. Aliyezoea vipimo vya matone ataiona tofauti mara moja, kwa kuwa kule ni lazima aamue mwenyewe ni tone lipi hasa lililobadilisha rangi, na akiamua hivyo jioni chini ya taa za buluu za tangi, macho yatamdanganya.

Usahihi wake ndio unaozua maswali. Watengenezaji wenyewe wanaeleza kwamba kosa linaweza kufikia dKH 0.3 pamoja na asilimia 5 ya namba iliyosomwa, kwa hiyo kifaa kikionyesha 8.0, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 7.3 na 8.7. Anayeyasoma hayo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini tumbawe halidhuriki sana kwa tofauti ndogo ya kiwango kama linavyodhuriwa na badiliko la ghafla. Maji ya bahari ya asili yana takriban dKH 7, na matangi mengi yanastawi kwenye 8 au 9. Linaloumiza ni kuamka ukiwa kwenye 7 na kulala ukiwa kwenye 10. Kifaa kilekile, chupa ileile ya kitendanishi na mkono uleule hukosea kwa namna zinazokaribiana, ndiyo maana tofauti kati ya jana na leo huaminika zaidi kuliko namba ya leo ikisimama peke yake. Sharti ni kupima saa ileile, kwa sababu matumbawe hujenga kiunzi kwa kasi zaidi kukiwa na mwanga, na hivyo alkali ya jioni huwa chini kuliko ya asubuhi hata kama hakuna tatizo lolote.

Kabla ya kuishika namba, hata hivyo, ni lazima mgonjwa atazamwe kwa macho, na hapo ndipo wengi huharakisha. Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, iliyopoteza rangi lakini nyama yake bado ipo, na polipu zake (vijinyama vidogo vyenye mikono vinavyounda tumbawe) bado hujitokeza usiku, imepauka: imepoteza vimwani vinavyoishi ndani ya nyama hiyo na kuilisha, na inaweza kupona. Ile inayovuliwa nyama kuanzia shinani kwenda juu, ikabaki na kiunzi cheupe kitupu, inakufa hasa, na ikiwa nyama inatoweka kwa saa chache hakuna kipimo kitakachoiwahi. Ncha zilizoungua huku shina likiwa zima humfanya mfugaji mzoefu ashuku alkali iliyo juu katika maji yasiyo na virutubisho vya kutosha, yaani naitreti na fosfeti. Weupe ulio upande unaoelekea taa pekee ni shauri la mwanga. Vialama vidogo vya mviringo, kama vya kung'atwa, ni kazi ya minyoo bapa, na kwa hao kifaa hiki hakina msaada wowote. Wasomaji wa pwani yetu wanaokumbuka kupauka kwa matumbawe ya Bahari ya Hindi mwaka 1998 huwaza joto kwanza, na ni halali kuwaza hivyo. Lakini ndani ya nyumba, penye kipasha maji chenye kidhibiti na kipimajoto ukutani mwa tangi, mara nyingi joto ndilo jambo la kwanza kuondolewa katika orodha ya washukiwa.

Sasa daftari. Namba zikishuka polepole siku baada ya siku, matumbawe yanatumia alkali kuliko inavyoongezwa, na dawa yake ni sodiamu bikaboneti, kwa kipimo kisichopandisha zaidi ya dKH 1 kwa siku. Namba zikiruka ghafla baada ya kubadilisha maji, mshukiwa ni chumvi, kwa kuwa baadhi ya chumvi za matangi ya matumbawe zikishakorogwa hutoa dKH 11 au 12, na kumimina ndoo kubwa ya maji hayo katika tangi lililozoea 7.5 ni kuyatikisa matumbawe bila kukusudia; maji mapya nayo yapimwe kabla hayajaingia. Hali ya tatu ndiyo inayonifanya nikisifu kifaa hiki kuliko vyote nilivyo navyo kabatini. Nyongeza ya kila siku haijabadilika, lakini namba zimeanza kupanda zenyewe. Maana yake ni kwamba matumbawe yamepunguza au yamesimamisha ujenzi wa kiunzi, na dalili hiyo inaweza kuonekana daftarini kabla rangi haijabadilika machoni. Anayeendelea kuongeza kipimo kilekile kwa mazoea humzidishia mgonjwa mzigo. Nyongeza ipunguzwe mpaka namba itulie, kisha chanzo kitafutwe: chumvi ya maji, ambayo inapaswa kuwa karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto, pampu iliyopunguza kasi, taa iliyoongezwa nguvu hivi karibuni.

Ikiwa namba zimetulia na tumbawe bado linaumwa, kifaa kimeshatoa ushahidi wake na inafaa kukiweka kando. Wakati huo msaada bora huwa wa kiasi: kupunguza nguvu ya taa, kuweka kaboni mpya kwenye kichujio, kubadilisha sehemu ndogo ya maji, na kuliacha tumbawe mahali pake, kwani kulihamishahamisha ni kuliongezea taabu. Penye nyama inayoendelea kuchunika kuelekea juu, tawi lililo zima hukatwa juu ya mpaka wa ugonjwa na kupandikizwa kwingine.

Kasoro zake zipo. Chupa ya kitendanishi hutosha vipimo 25 tu, kwa hiyo anayepima kila siku huimaliza kabla ya mwezi kwisha, na gharama ya mwaka huzidi ile ya vipimo vya matone, achilia mbali kwamba kifaa chenyewe ni ghali mara kadhaa kuliko boksi la matone. Bomba la sindano huhitaji jicho kali, maana kiputo kidogo cha hewa huharibu jibu. Alama za vidole kwenye kioo hufanya vivyo hivyo, na kichupa kilichosuuzwa kwa maji ya bomba yenye chokaa nyingi kinaweza kubaki na matone yanayoichezea namba. Kisuuzwe kwa maji yaliyosafishwa, kisha kwa maji ya tangi lenyewe.

Mwenye matumbawe laini peke yake, yasiyojenga kiunzi kigumu, abaki na matone. Mwenye matumbawe magumu kama Acropora, Montipora au Euphyllia akinunue, na asome namba ya modeli kwenye boksi kabla ya kulipa: HI755 nayo ni ya maji ya bahari lakini hutoa jibu kwa ppm (sehemu kwa milioni), ambalo hugawanywa kwa 17.9 ili kupata dKH, ilhali HI775, inayofanana nayo kwa jina na umbo, ni ya maji yasiyo ya chumvi na haifai kwa tangi la matumbawe.