Kolamu ya kromatografia: uangalie kilele au uichungulie kwa MRI?

Kolamu hii ni bomba lililojazwa chembe ndogo, linalotenganisha vitu vilivyochanganyika. Kujua kama inafanya kazi vizuri, njia ya kawaida unadunga sampuli kidogo juu, unasubiri itoke chini, unaangalia kilele (ule mlima unaochorwa kwenye grafu sampuli ikitoka), kikiwa chembamba uko poa, kikivuta mkia ujue kuna shida. Rahisi, kila maabara inaiweza, na mlinganyo wa van Deemter wa 1956, unaoonyesha jinsi kasi ya mtiririko inavyobadili upana wa kilele, unakusaidia kuchagua kasi. Ila jamani haikuambii shida iko WAPI! Labda chembe zimepakiwa vibaya, labda ukutani zimekaa legelege maji yanapita mbio, labda kichwa cha kolamu kinamwaga upande mmoja, wewe uko nje unabahatisha tu.

MRI sasa, mashine ya kupiga picha kwa sumaku kama ile ya hospitali, inasoma protoni (viini vya hidrojeni) za maji humo ndani bila kufungua kitu, unaiona bendi (ule mkanda wa sampuli) ikishuka, ikipinda kama bakuli unaona imeanzia wapi. Bei ndo inaumiza, na kolamu ya chuma haifai kabisa, inazuia mawimbi ya redio ambayo MRI inayatumia, lazima plastiki au glasi, halafu chembe za maikromita 5 huzioni mojamoja.

Mi kwa kolamu kubwa za kusafishia dawa ningetumia MRI wakati wa kudizaini, kilele kibaki cha kukagulia kila siku.