Simu ya kununua ukitaka mfumo huria: ipi itangulie, ipi isubiri

Wengi hununua simu kwanza, wakishalipa ndipo wanauliza kama mfumo huria (mfumo endeshi wenye msimbo ulio wazi, unaowekwa badala ya ule uliokuja na simu) utaikubali. Anza na mfumo. Tecno, Infinix na itel zilizojaa Kariakoo na Luthuli zinafaa kwa bei yake, lakini ni nadra kuziona kwenye orodha za mifumo hii. Mara nyingi utaangukia kwenye simu ya mtumba.

Ya kwanza kwangu ni Google Pixel yenye GrapheneOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android. Najua inauma kumlipa Google ili umkwepe, ila Pixel inakuruhusu kufungua butiloda (ile programu inayoamsha simu), kuweka mfumo wako, kisha kuifunga tena kwa ufunguo wa mfumo huo mpya. Kufuli hilo ndilo linalozuia mtu kuuchezea mfumo bila wewe kujua. Programu za Google si lazima. Ukizihitaji, zinakaa kama programu nyingine yoyote, bila mamlaka juu ya simu nzima. Chukua Pixel 8 au 8a kwenda juu: hizo zimeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 7, kwa hiyo 8a iliyotoka 2024 itafika 2031. Pixel 6 na 7 zilipewa miaka 5 tu, na sehemu kubwa imeshapita.

Sasa jihadhari. Pixel nyingi za mtumba hutoka Marekani, na zile zilizouzwa na Verizon butiloda yake haifunguki. Muuzaji atakuapia kwamba simu iko wazi, na atakuwa mkweli, maana inapokea laini yoyote. Lakini kufuli ya laini si kufuli ya butiloda. Kabla hujatoa pesa, unganisha simu na intaneti, ingia kwenye mipangilio, gusa namba ya toleo ("Build number") mara 7, kisha fungua sehemu ya wasanidi ("Developer options") na utafute swichi iliyoandikwa "OEM unlocking". Ikiwa imefifia na haikubali kuwashwa, mrudishie simu yake. Hakikisha pia akaunti ya Google ya mwenye awali imeondolewa.

Ya pili ni LineageOS, iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya mfumo ulioutangulia, CyanogenMod, kufungwa. Uzuri wake ni wingi wa simu inazozikubali: Motorola, OnePlus, Sony, Xiaomi na nyinginezo, zikiwemo ambazo watengenezaji wameshaacha kuzisasisha. Kwa bajeti ndogo, hapa ndipo pa kutafuta. Linganisha namba kamili ya modeli na orodha rasmi. Samsung zenye jina moja huweza kuwa na chipu tofauti kulingana na soko. Kwa kawaida butiloda itabaki wazi, na hilo ndilo lililoishusha hadi nafasi ya pili.

/e/OS naiweka ya tatu. Ilianzishwa na Mfaransa Gaël Duval, yule aliyeanzisha Mandrake Linux, mfumo huria wa kompyuta, na imejengwa juu ya LineageOS. Kampuni ya Murena huuza simu ambazo tayari zina mfumo huu, zikiwemo za Fairphone, kwa hiyo inamfaa asiyetaka kuhangaika na kompyuta. Kumbuka tu usafirishaji na ushuru.

Ubuntu Touch, ambayo jumuiya ya UBports iliiokoa pale kampuni ya Canonical ilipoiacha 2017, na postmarketOS ni mifumo ya Linux inayofaa simu ya ziada tu. Mwanafunzi wa kompyuta atajifunza mengi kwenye PinePhone, simu iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux, yenye swichi halisi za kuzima modemu, kamera na maikrofoni. Ila usiifanye simu yako ya biashara.

Kuhusu pesa: menyu ya M-Pesa, *150*00# kwa Vodacom Tanzania au *334# kwa Safaricom, hupita kwenye mtandao wa simu na haihitaji Google. Tatizo liko kwenye programu za benki, kwa kuwa baadhi hukataa kufunguka kwenye mfumo usioidhinishwa na Google. Kabla ya kuhama, jaribu menyu ya nyota na reli ya benki yako uone kama inakutosha kutuma pesa na kuangalia salio.