Miche ya Okidi Chui: Mche Mzuri, Chungu Kibaya

Mwaka jana, mwanzoni mwa masika, nilinunua miche mitatu ya okidi za asili katika kitalu kimoja cha kando ya barabara, nje kidogo ya mji wa Arusha: miwili ya Ansellia africana, ambayo wengine huiita okidi chui kwa madoa yake ya kahawia juu ya manjano, na mmoja wa Satyrium, okidi ya ardhini.

Nilianza kukagua asili yake, kwa kuwa okidi nyingi zinazouzwa barabarani hubanduliwa porini, ingawa biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ansellia ziliniondolea shaka: vimo vililingana, majani hayakuwa na makovu ya wadudu, wala mizizi haikung'ang'ania vipande vya gome. Muuzaji alisema zilioteshwa chupani, kwenye chakula kilichotayarishwa maabara, maelezo yanayoingia akilini, maana mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha.

Tatizo lilikuwa chungu. Walizipanda katika udongo mweusi wenye samadi, kana kwamba ni mchicha! Okidi hii huishi juu ya miti, na baadhi ya mizizi yake husimama kama sindano nyeupe ili kunasa majani makavu yanayoanguka. Katika udongo mzito huoza. Nilipozitoa jioni ile, mizizi kadhaa ilikuwa imelainika kama tambi zilizopikwa. Niliikata kwa wembe, nikaifunga miche hiyo kwa kamba ya katani kwenye panda ya mparachichi, na sasa kila mmoja una machipukizi mawili mapya. Maua sijayaona, wala sikuyatarajia mapema hivi.

Satyrium ndiyo iliyoniudhi. Ilikauka baada ya wiki tano, na nilipofukua kiazi chake nilikuta kovu la jembe: ilichimbwa porini, ikatenganishwa na kuvu wa udongo wake. Viazi vya okidi za jamii hiyo tayari vinachimbwa mno katika Nyanda za Juu Kusini ili kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko cha viazi vya okidi na karanga, na kitalu hakina sababu ya kuongeza mashimo mengine.

Kwa shilingi 15,000 kila mmoja, miche ya Ansellia ina thamani yake, mradi uende na mkaa na magome yako mwenyewe ya kuipandia badala ya udongo. Za ardhini waachie.