Hita ya mafuta kwa familia iliyounguliwa nyumba: nzuri, ila angalia soketi

Moto wa Marshall uliteketeza zaidi ya nyumba 1,000 Colorado, Marekani, tarehe 30 Desemba 2021. Kesho yake theluji ikaanguka, na maelfu ya nyumba zilizosalimika hazikuwa na gesi. Hita za umeme zikagawiwa. Kwa anayepokea familia katika baridi ya namna hiyo, tunapendekeza hita ya umeme iliyojazwa mafuta, yenye mapezi, wati 1,500.

Haina feni, hivyo haimwamshi mtoto wala kurusha majivu yaliyoingia na nguo. Mafuta yamefungiwa ndani, hayaongezwi. Mkienda kulala izimeni. Itabaki na joto kwa muda. Kasoro yake ni uvivu: nusu saa hivi ndipo chumba kinapata joto, kwa hiyo iwashe kabla watoto hawajaoga. Chumba kikizidi mita za mraba 14, utalipia umeme bure.

Penye balaa ni kwenye waya. Kwa volti 120 za Marekani inavuta ampea 12.5, na saketi nyingi za vyumba vya kulala ni za ampea 15. Mgeni akichomeka birika kwenye saketi hiyohiyo, umeme unakatika. Ekstensheni usiitumie kabisa. Waya mwembamba hupata moto hadi plagi ikayeyuka. Hita ikishawaka kwa saa moja, gusa plagi: ikiwa ya moto, huenda soketi imelegea, zima. Mapazia na magodoro ya sakafuni yakae mita moja mbali. Na soksi mbichi za watoto, jamani, zianikwe kwingine.