Chuma cha Uvimbe: Aina Tatu Sokoni, na Kile Kilichokosekana Kona ya Tyson

Mjadala wa kwa nini Mike Tyson alipigwa na Buster Douglas ukizuka Nakuru, mji wa bondia Philip Waruinge, hoja huwa tatu. Wapo wa refa, wanaoshikilia kwamba Octavio Meyran alihesabu polepole Douglas alipoangushwa raundi ya 8. Wapo wa mazoezi, wanaosema Tyson alikwenda Tokyo kutalii. Na wapo wa mama, maana mamake Douglas alifariki siku 23 kabla ya pambano na mwanawe akapanda ulingoni na uchungu wake. Sawa. Lakini tafuta kanda ya Februari 11, 1990, uruke makonde, utazame mapumziko tu kuanzia katikati ya pambano. Jicho la kushoto la Tyson linafura. Kona yake, yaani wasaidizi wake wa kando ya ulingo, inatoa kitu kama glavu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu na kukibandika jichoni, kinaning'inia kama puto lililoishiwa hewa. Huyo ni bingwa wa mashirika matatu ya ngumi, WBA, WBC na IBF, mapambano 37 bila kushindwa, na hakuna aliyekumbuka kubeba chuma cha uvimbe.

Chuma hicho ndicho tunachokikagua hapa. Ni kipande cha metali chenye uso bapa uliong'arishwa na mpini mgongoni, mfano wa pasi ya kuchezea watoto, kinachotoshea kiganjani. Hulala kwenye barafu pambano zima na kutolewa kengele ya mapumziko inapolia. Kina kazi mbili kwa wakati mmoja: baridi hubana mishipa midogo ya damu, na mkandamizo huzuia damu isijikusanye chini ya ngozi. Glavu ya maji haiwezi hata moja sawasawa. Mpira huzuia baridi isipite vizuri, na maji yakibonyezwa hukimbilia pembeni, basi mkandamizo haupo.

Zipo aina tatu, na bei isikudanganye.

Ya kwanza ni ya alumini, ambayo huja ndani ya seti nyingi za kona zinazoagizwa mtandaoni, pamoja na chupa ya maji, vijiti vya pamba na kikopo cha mafuta. Ni nyepesi: kipande cha sentimita 7 kwa 5, unene wa sentimita 1, kina gramu kama 95. Alumini hupitisha joto haraka, kwa hivyo kikigusa shavu bondia hushtuka, na mnunuzi husema hii ndiyo yenyewe. Hapo ndipo anapopotea. Baridi hiyo huisha kwa haraka ileile iliyokuja nayo. Kipande cha ukubwa huo huo cha chuma kisichoshika kutu kina gramu kama 277 na hubeba baridi zaidi ya mara moja na nusu. Kwa kazi ya sekunde 40 mfululizo, tofauti hiyo unaihisi kwa kidole: alumini inatoka usoni ikiwa vuguvugu, chuma bado kinauma.

Kwa hiyo ya pili, ile ya chuma kisichoshika kutu, ndiyo ya kununua. Uzito wake nao ni faida, kwa sababu mkono wa mtu wa kona hutetemeka kwa haraka na kelele, na kitu kizito hutulia chenyewe. Kasoro yake ni kwamba kinataka kutiwa kwenye barafu mapema, dakika 10 au zaidi kabla ya kengele ya kwanza. Ukikumbuka kukitia raundi ya 2, umechelewa.

Ya tatu ina uvungu na kifuniko cha skrubu, unaijaza barafu iliyopondwa. Kwenye picha inapendeza. Kwenye kona, barafu ikiyeyuka kidogo hewa huingia ndani, ukiiinamisha hewa ndiyo inayokaa upande wa uso, na kilichobaki mkononi ni kikopo tu. Mpira wa kifuniko ukilegea, maji humtiririkia bondia jichoni na kuondoa mafuta uliyompaka. Iache dukani.

Ukiwa dukani, au ukitaka fundi wa jua kali akuchongee, kuna majaribio matatu. Beba sumaku: chuma kisichoshika kutu cha gredi ya 304 hakivutwi au huvutwa kidogo sana, ilhali chuma cha kawaida kilichopakwa kromi hushikwa papo hapo, na hicho kitaota kutu rangi ikichubuka. Pili, pitisha kipande cha pamba kwenye kingo zote. Pamba ikinasa mahali hata uzi mmoja, hapo ndipo nyusi itakapochanika. Tatu, tikisa mpini. Uliofungwa kwa skrubu hulegea, na damu huingia kwenye ule ufa, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Mpini uliochomelewa au uliochongwa pamoja na uso ni bora. Fundi mwambie kingo zote ziwe za mviringo wa milimita 3, kisha uso upigwe msasa wa 400, wa 800, na umalizie na wa 1200 hadi ujione.

Barafu ndiyo inayoharibia wengi, na hapa Nakuru na Kisumu haziko sawa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jioni huwa na ubaridi, na kikasha cha kawaida chenye kifuniko hufikisha pambano la mwisho bila shida. Kisumu, chini kabisa kando ya ziwa, joto na unyevu huila barafu ukiitazama. Watu hukimbilia barafu ya wauza samaki, na kwa wingi haina mpinzani, ila usiiguse uso wa bondia. Nyusi ikiwa imepasuka, maji yale ya samaki ni njia ya vijidudu. Dawa yake ni rahisi: weka chuma ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, usijisumbue), jaza mkebe maji yaliyochemshwa na barafu yake, kisha mkebe mzima uuzike ndani ya barafu ya samaki. Chuma kinabaki kwenye nyuzi 0, safi.

Usiongeze chumvi. Inashusha baridi chini ya 0, na metali ya namna hiyo hung'ang'ania ngozi yenye jasho. Ukiibandua inaondoka na ngozi.

Matumizi sasa. Mapumziko ni sekunde 60, lakini wewe huna 60. Bondia kutembea hadi kitini na kutolewa kinga ya meno ni kama 10. Kausha uso kwanza kwa taulo safi, kwa kugusa si kwa kusugua, kwa sababu mafuta hayashiki kwenye maji. Kisha bandika chuma pale penye uvimbe, juu ya mfupa: mfupa wa shavu chini ya jicho, au mfupa wa nyusi. Kamwe si juu ya mboni. Kandamiza kwa nguvu iliyo sawa, tulia hapo hapo sekunde 30 hadi 40. Firimbi ya sekunde 10 ikilia, toa, paka mafuta, ondoka.

Kosa linaloonekana kila mahali ni kuusukuma uvimbe kando kwa chuma, kama mtu anayekunja chapati. Uvimbe hausukumiki. Unachofanya ni kupasua mishipa iliyokuwa mizima na kuusambaza. Kosa la pili ni kungoja: chuma huzuia, hakifungui. Ukiona wekundu na ngozi imeanza kung'aa raundi ya 2, anza hapo hapo. Jicho likishafumba, kilichobaki ni kuchelewesha tu. La tatu hata watu wazoefu hulisahau: bondia aliyefura karibu na jicho asipenge kamasi. Kama kuna ufa kwenye mfupa mwembamba wa pua na jicho, hewa husukumwa chini ya ngozi na jicho hufunga mara moja, mbele yako.

Turudi Tokyo, tuone kama kifaa hiki kingeokoa taji.

Jicho lililofumba lilikuwa la kushoto, na kwa bondia anayesimama kawaida, mguu wa kushoto mbele, huo ndio upande unakotoka mkono wa kulia wa mpinzani. Tyson hakuwa anaiona vizuri silaha nzito ya Douglas. Raundi ya 10, Douglas alimpima kwa jabu, konde la moja kwa moja la mkono wa mbele, akampiga konde la kutoka chini lililoinua kichwa, na makonde manne yaliyofuata yakammaliza. Tyson akabaki sakafuni akipapasa kinga yake ya meno. Na kumbuka kadi za majaji baada ya raundi 9: mmoja alikuwa na 88-82 za Douglas, mwingine 86-86, wa tatu 87-86 za Tyson. Ubingwa ulikuwa bado uko mezani. Jicho moja zaidi kwa raundi tatu zilizobaki si kitu kidogo.

Hata hivyo, anayesema chuma pekee kingetosha anauza duka lake. Douglas alikuwa na urefu wa mikono wa sentimita 211 dhidi ya 180 za Tyson, na usiku ule aliutumia, jabu baada ya jabu, huku Tyson akisimama wima badala ya kuingia chini kwa kutikisa kichwa. Kevin Rooney, kocha aliyekuwa akimkemea kwa hilo, alikuwa ameachishwa kazi tangu 1988. Wa mazoezi wana ushahidi: Greg Page alimwangusha Tyson mazoezini huko huko Tokyo. Wa refa ndio wenye mkono dhaifu. Bondia aliye chini hufuata hesabu ya refa, si saa ya mtazamaji, na Douglas aliinuka kabla ya 10 ya refa.

Ila kusahau chuma na kudharau mazoezi ni ugonjwa mmoja. Mbele ya Tyson, Michael Spinks alidumu sekunde 91 mwaka 1988, Carl Williams sekunde 93 mwaka 1989. Kona iliyozoea kazi ya dakika moja na nusu haina sababu ya kununua barafu.

Na yapo maangusho ambayo kifaa hiki hakiyahusu kabisa. Juni 1, 2019, Andy Ruiz, aliyeletwa badala ya Jarrell Miller, aliangushwa na Anthony Joshua raundi ya 3, akainuka, akamwangusha Joshua mara mbili raundi ile ile na mbili tena raundi ya 7. Lile konde la kwanza lilimpata Joshua panjani. Miguu ikienda, hakuna metali ya kubandika. Walipokutana tena Desemba, Joshua alishuka uzito kutoka ratili 247 hadi 237, akakaa mbali na kupiga jabu raundi 12. Aliyejibu swali hapo ni kambi, si mfuko wa kona.

Uamuzi wetu: nunua chuma cha pili, kipande kizima, na ununue viwili. Kimoja kikiwa usoni, kingine kiwe kwenye maji ya barafu kikipoa kwa mapumziko yanayofuata. Seti za mtandaoni zenye alumini zinafaa kwa chupa na vijiti vya pamba tu. Kile chuma chake mpe mtoto wa mazoezi ajifunzie kubandika bila kusukuma.